Nyasi Zenyewe

Mwezi Machi, mvua zikiwa zimeanza kuchoka, nilimkuta mama mmoja akigeuza nyasi kando ya barabara iendayo Matai, mwendo mfupi kutoka Sumbawanga mjini. Alikuwa analikata bonge la udongo pamoja na nyasi zake, analipindua, majani chini na mizizi juu, kisha analibebesha bonge jingine, mpaka tuta la mviringo linafika magotini. Halafu anasogea hatua mbili na kuanza jingine. Nyuma yake matuta yalikuwa yametapakaa hadi bondeni kama kundi la ng'ombe waliolala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umepotea njia?"

"Hapana, natazama ntumba tu."

"Tazama. Kutazama hakuumizi mgongo."

Ntumba ilikuwa mbolea ya Wafipa kabla mbolea haijaanza kuja kwenye mifuko. Nyasi zikizikwa mwishoni mwa masika huoza polepole kiangazi kizima, na wengine hupanda maharage juu ya tuta lenyewe wakati unyevu ungalipo. Mvua zikirudi, Novemba au Desemba, matuta hubomolewa, udongo uliolainika hutandazwa, na ulezi humwagwa juu yake. Wabemba, majirani wa upande wa Zambia, wana chitemene yao: hukata matawi ya miti, huyakusanya, huyachoma, hupanda kwenye majivu. Uwanda wa Ufipa, uliopanda kiasi cha mita 1,800 kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, hauna matawi ya kuchezea hivyo. Una upepo, una baridi ya Juni inayoingia mpaka chini ya blanketi, na una nyasi. Mfipa alitazama alichonacho akakigeuza chakula.

Tangu siku ile nimekuwa nikiisumbukia methali ambayo kila mtoto wa shule ya msingi anaijua, ile ya tembo wawili wapiganapo. Tunaisema, na wote tunaelewa kwamba nyasi ni watu: raia, wanyonge, sisi. Sijawahi kumsikia mtu akiisema akimaanisha nyasi. Naomba mara hii moja tuichukue methali jinsi ilivyo. Tembo wamepigana, wameondoka. Nyasi zimelala chini. Je, zinaamkaje?

Ufipa huenda ikaonekana mahali pa ajabu pa kuuliza hivyo, kwa sababu inasifika kwa utulivu. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita hapa mwaka 1880, aliandika kwamba hajaona kabila lililojitoa kwa kilimo kama hili. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya utafiti Ufipa kuanzia miaka ya 1960, aliliona jambo hili kuwa fumbo: ilikuwaje watu waliozungukwa na karne nzima ya uvamizi wakaamua kutukuza jembe? Maana vita viliwafikia. Wangoni wa Zwangendaba walipanda uwandani miaka ya 1840 baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika, wakala ng'ombe na nafaka za wenyeji, na Zwangendaba mwenyewe akafia hapa, mahali paitwapo Mapupo. Waliobaki wakagombea urithi, wakatawanyika: wapo waliofika Songea, wapo wa Malawi na Zambia, wapo waliozama Unyamwezini. Baadaye alikuja mvamizi Kimalaunga na watu wake, akaisumbua Lyangalile, sehemu ya Ufipa, na bonde la Rukwa kwa miaka mingi.

Na chuma kilitoka humu humu. Katika baadhi ya vijiji bado yamesimama malungu, yale matanuri ya udongo yanayompita mtu mrefu, yaliyoyeyusha mawe ya chuma kwa upepo wa kujivutia wenyewe, bila mivukuto. Donge likishatoka lilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambako mivukuto ilipigwa mpaka chuma kikatakata. Kazi hiyo ilikula makaa, na makaa yalikula miti. Moto wa kila kiangazi, mifugo na mashamba vikala iliyobaki, ila mabaki kama msitu wa Mbizi juu ya mji. Mgeni akiuliza kwa nini uwanda uko wazi, sehemu ya jibu imesimama pale shambani, imeota majani kichwani. Kinachonikaa moyoni ni kwamba ilungu halikuulizwa linazaa nini. Donge lile lile lingeweza kuwa mkuki au jembe. Ufipa ilipata jina kwa majembe yake, na ni kwa jembe ntumba hupandishwa.

Ukiendelea na ile barabara ya Matai utateremka hadi Kasanga, ziwani. Wajerumani walipaita Bismarckburg, wakajenga ngome ambayo magofu yake yapo hadi leo. Kwa miongo mingi meli iliyotia nanga hapo ilikuwa MV Liemba, na hadithi ya meli hiyo husimuliwa kwa furaha, kama ya mtu mzima aliyefufuka. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, Wabelgiji wakiwa wanakaribia, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliifunika mitambo yake kwa grisi nzito, ili siku moja itakapoibuliwa iwe salama. Ikaibuliwa kweli mwaka 1924, mitambo haijaharibika, na 1927 ikaanza tena safari, safari hii kwa jina Liemba, jina la kale la upande wa kusini wa ziwa.

Sasa huyo Götzen ambaye meli ilipewa jina lake alikuwa nani? Alikuwa gavana wa koloni wakati wa Vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 mmoja wa maofisa wake alimweleza kwamba risasi peke yake hazitawamaliza waasi, kitakachowamaliza ni njaa. Ikawa hivyo. Majeshi yalichoma vijiji, yakachoma maghala, yakachukua au kuharibu mazao yaliyokuwa shambani, kutoka Kilwa na Liwale mpaka Ungoni. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliofuata wamefikisha 250,000 na hata 300,000. Wengi wao hawakuguswa na risasi. Walikufa kwa sababu hapakuwa na cha kula wala mbegu ya kupanda.

Injini ilipakwa grisi. Mashamba hayakupakwa kitu.

Kila ninapoifikiria meli ile, ndipo mawazo yangu hukwama. Watu wale walijua maana ya kurejesha. Walijua kabisa kwamba vita vina mwisho na kwamba baada yake kitu kitahitajika kikiwa kizima. Elimu hiyo waliitumia kwenye chuma.

Na ardhi iliyochomwa ilikuwaje? Kusini mashariki, katika nchi ya Liwale na mto Rufiji, watu walipopungua pori lilitambaa, na mbung'o wakafuata pori. Wanyama wakaongezeka mahali palipokuwa mashamba. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ikaja kuwa Pori la Akiba la Selous, lililoitwa kwa jina la mwindaji Frederick Selous, ambaye naye aliuawa vitani, Beho Beho, Januari 1917. Mtu asiyefungua historia anaweza kusema kwamba basi vita vilisaidia mazingira, na nimewahi kulisikia hilo kutoka kwa watu waliosoma kunizidi. Sikubaliani nao. Helge Kjekshus, Mnorwe aliyechapisha mwaka 1977 kitabu kuhusu ikolojia na historia ya Afrika Mashariki, alionyesha kwamba wakulima na wafugaji wa karne ya 19 waliwadhibiti mbung'o kwa kuishi kwao tu: kwa kufyeka, kuchoma kwa wakati, kulima na kulisha mifugo kwa mpango. Pori lile halikuwa asili iliyorudi nyumbani. Lilikuwa nyumba ambayo wenyewe wamefukuzwa, na mlango umeachwa wazi.

Vita Kuu ya kwanza nitaipita haraka, ingawa Ufipa haikuipita haraka. Juni 1916 Waingereza kutoka Rodeshia waliitwaa Bismarckburg. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, ng'ambo tu ya mpaka. Silaha za askari wake, kama watu wa Mbala wanavyosimulia, zilitupwa katika Ziwa Chila. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna wapagazi waliochukuliwa kutoka mashambani, na kuna nafaka iliyobebwa vichwani mwao, na mpagazi naye hula njiani sehemu ya anachobeba. Ugogoni njaa iliyofuata ina jina lake, Mtunya. Shamba lisilolimwa misimu miwili halipigwi picha na mtu yeyote, ndiyo maana vitabu vya vita vimejaa madaraja yaliyovunjika.

Kuna kisa kimoja kinachonichekesha kwa uchungu. Baada ya Vita Kuu ya pili Waingereza waliamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakakosa matrekta, wakachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, wakavigeuza kuwa mashine za kusafishia pori, zikaitwa Shervick. Biblia ilishatabiri upanga kuwa jembe, na hapa utabiri ulitimia kwa chuma chenyewe. Vichaka vya Kongwa vilivishinda vifaru. Palipofunguliwa, jua liliugeuza udongo wa mfinyanzi kuwa tofali, na mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Mama wa ntumba angewaambia mapema, na bila kudai ada ya ushauri: udongo hauvamiwi.

Vita vina mikono miwili. Mmoja hutawanya, mwingine hukusanya, na nyasi huumia chini ya yote miwili. Ule wa kwanza nimeshaueleza. Wa pili nimeuona nyumbani.

Katumba, makazi ya wakimbizi, iko karibu na Mpanda, mkoani Katavi. Mpaka 2012 ilikuwa Rukwa, na wapo wazee wa Sumbawanga ambao ulimi wao bado haujakubali mpaka mpya. Ilifunguliwa 1973 kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Ulyankulu, makazi mengine ya namna hiyo mkoani Tabora, ikafurika: maji na ardhi yake vikashindwa kubeba watu waliopelekwa huko, na 1978 ikafunguliwa Mishamo, kusini zaidi ya hapo, ndani ya miombo. Kila familia ilipewa kiasi cha hekta 5 na ikaambiwa ilime. Walilima. Wakati Rukwa ilipohesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini, jasho lao lilikuwamo kwenye magunia hayo, jambo ambalo sisi wenyeji hatulitaji mara nyingi.

Nilifika Katumba kwa basi lililopita katikati ya hifadhi ya Katavi na daraja la Sitalike, lile la viboko. Mzee niliyeelekezwa kwake alikuwa amekaa chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda hicho."

Nikamwuliza palikuwaje walipofika.

"Miti. Miti na ndorobo. Usiku simba. Tulipewa shoka, jembe na panga. Mti wa kwanza niliouangusha, mke wangu alikaa juu ya gogo lake akalia. Hakuwa anaulilia mti."

Baadaye ikaja tumbaku. Tumbaku ya Mpanda hukaushwa kwa moto, na moto huo ni mtundu, ni mninga, ni chochote kilichosimama karibu na bani la kukaushia. Nilimwuliza, kwa adabu niliyoweza kuipata, kama hawakupanda miti badala ya ile waliyoikata. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni.

"Mwanangu, wewe mjini umepanga?"

"Nimepanga, mzee."

"Uani kwa mwenye nyumba umepanda mwembe?"

Sikuwa nimepanda.

Watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipanga kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2007 waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kubaki. Maelfu walirudi, na zaidi ya 162,000 wakakubaliwa kuwa Watanzania. Lakini kukubaliwa huko kuliambatana na mpango wa kuwahamisha na kuwasambaza mikoa mingine. Mpango ukasuasua miaka mingi, hatimaye ukaachwa, na vyeti vya uraia vikaanza kugawiwa 2014. Katika miaka hiyo ya katikati mtu alikuwa hana nchi aliyotoka na hana uhakika wa kijiji alichomo. Mahindi alipanda, maana mahindi hukomaa kwa msimu mmoja. Mwembe?

"Huu tuliokaa chini yake," mzee alisema, akaupiga shina kwa kiganja, "niliupanda nilipopewa cheti. Si kwamba kabla yake sikuwa napenda maembe."

Nimehudhuria mikutano kadhaa ya mazingira, na nimesoma mipango ya upandaji miti inayoorodhesha viriba, mbolea ya samadi, mikebe ya kumwagilia na fedha za semina. Cheti cha uraia sijakiona kwenye orodha hata moja. Wala sikutegemea kukiona. Lakini niliporudi Sumbawanga kichwa changu kilikuwa kimebadili mpangilio: nilichokuwa nakiita uharibifu wa mazingira, mzee yule alikuwa anakiita kutojua kesho utalala wapi. Mara nyingi tumewatazama wakimbizi kama shoka. Aprili 1994, ndani ya saa 24, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, na vilima vya karibu na kambi ya Benaco vikanyolewa kwa kuni za kupikia. Picha zilizosambaa zilikuwa za wanawake wenye mizigo ya kuni vichwani. Aliyewatia kuni hizo kichwani hakuwamo pichani.

Je, anaweza kulipishwa? Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vya 1998 hadi 2003. Milioni 225 zilikuwa za watu waliodhurika, 40 za mali, 60 za maliasili. Dhahabu ilipata bei, mbao zikapata, hata wanyama wa hifadhini wakakumbukwa. Dai la misitu iliyofyekwa lilitupwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Siwalaumu majaji, nao huamua kwa kilicho mezani. Ila nimefikiria ni nani angeweka mezani ushahidi wa kivuli. Mti uliokatwa 1999 kwa ajili ya kambi hauna risiti, na nyasi zilizokuwa chini yake hazina wakili. Umoja wa Mataifa nao ulitenga mwaka 2001 siku ya kukumbuka mazingira yanayoumizwa na vita, tarehe 6 Novemba. Uwandani kwetu hiyo ni siku ya kutazama mawingu. Mtu mwenye ntumba ana shughuli nyingine.

Mwezi Agosti nilipita tena barabara ya Matai. Upepo ulikuwa unachukua vumbi na majivu ya mioto ya mbali, na ule uwanda uliokuwa kijani ulikuwa na rangi ya simba. Matuta ya mama yule yalikuwa yamekauka juu, yamepasuka pasuka. Mwenyewe nilimkuta anavuna maharage ya mwisho, mgongo umeinama vile vile.

"Baba, umepotea tena?"

Nikamwuliza kama nyasi zimeshaoza. Badala ya kunijibu alisogelea tuta lililo karibu, akachoma mkono ubavuni mwake mpaka kwenye kiwiko, akatoa kiganja kimejaa. Juu ya udongo mweusi kulikuwa bado na mabua machache ya manjano, yanaonekana kabisa kuwa yalikuwa nyasi. Akayafikicha, akayanusa, akanipa na mimi ninuse. Yalinukia kama uyoga.

"Bado kidogo," alisema. Akayarudisha shimoni, akaziba kwa ngumi, akarudi kwenye maharage yake.